Chumvi ya Rafiki

Filamu ya Kihindi iliingia katika nyumba nyingi za pwani yetu kabla ya umeme kuingia. Iliingia kwa midomo ya watu. Aliyekwenda Regal au Naaz hapa Mombasa alirudi mtaani na kisa kizima kichwani, akakaa nacho barazani, na waliokosa pesa za tikiti wakakipata chote, pamoja na vilio vyake na nyimbo zake. Unguja palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mama zetu walikwenda na mabuibui yao na watoto wao mapajani, wakalia kizani bila ya kuona haya. Marehemu Juma Bhalo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizitia nyimbo zake mahadhi ya Kihindi, na wengi walioitikia naye harusini hawakujua hata neno moja la lugha hiyo. Kanda za video zilipofika, sinema ikahamia sebuleni. Mtafiti mmoja kutoka ng'ambo, Minou Fuglesang, alikaa Lamu akawatazama wasichana waliokuwa wakizitazama kanda hizo, na mwaka 1994 akatoa kitabu juu yao. Siku hizi tamthilia hutujia zimekwisha kutiwa sauti za Kiswahili, na bibi hahitaji tena kumwuliza mjukuu yule mwenye masharubu amesema nini.

Nataja haya mapema kwa sababu najua wapo watakaouliza sheikh ana shughuli gani na sinema. Simwambii mtu akatazame. Yamo mengi katika filamu hizo ambayo mzazi mwenye haya hawezi kuyatazama akiwa amekaa na binti yake, na hilo nimelisema darasani mara nyingi. Lakini jambo lililokwisha kukaa ndani ya nyumba zetu kwa zaidi ya nusu karne, likatufundisha namna ya kulia na namna ya kumwita rafiki, haliwezi kuachwa bila ya kusemwa na watu wa elimu. Na leo sitaki kusema juu ya mapenzi ya kijana na msichana, ambayo kila mtu anadhani ndiyo mzigo wote wa filamu za Kihindi. Nataka kusema juu ya marafiki wawili, mmoja mwenye nacho na mwingine asiye nacho.

Kisa cha namna hiyo kimo katika filamu nyingi za huko, nacho hukaa ndani zaidi kuliko nyimbo. Mwaka 1964 ilitoka filamu iitwayo *Dosti*, yaani urafiki. Mwaka 1973 ikatoka *Namak Haraam*. Mwaka 1981 ikatoka *Yaarana*, ambayo jina lake nalo ni urafiki kwa neno jingine. Katika *Yaarana* tajiri ndiye anayejitolea: anaweka mali yake rehani ili rafiki yake maskini wa kijijini apate kuwa mwimbaji mkubwa. Ni kisa kitamu, na watu wa rika langu wanakikumbuka. Mimi hakinishughulishi sana, maana sijamwona tajiri wa namna hiyo mtaani kwetu, nanyi nadhani hamjamwona.

*Namak Haraam* ni jambo jingine. Hebu tazameni jina lenyewe. Neno la pili halihitaji mfasiri kwa Mwislamu yeyote. La kwanza ni chumvi. Katika lugha ya wenyewe, mtu aliyekula chumvi ya mwenziwe amefungwa nayo. Akimgeuka, chumvi ile imekuwa haramu tumboni mwake. Sisi Waswahili nasi tuna msemo wa kula chumvi, lakini wetu una maana ya umri: fulani amekula chumvi nyingi, yaani ameishi miaka mingi, ameona mambo. Kwao chumvi ni deni, kwetu ni miaka. Nimelifikiria tofauti hilo mara nyingi, na nitalirudia hapa chini kwa sababu lilikuja kutumika mahali ambapo sikulitazamia.

Filamu hiyo iliongozwa na Hrishikesh Mukherjee. Somu, aliyeigizwa na Rajesh Khanna, ni mtoto wa maskini; ana mama mjane na dada ambaye bado hajaolewa. Vicky, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, ni mtoto wa mwenye kiwanda. Wanapendana kama pacha. Vicky anapopewa kiwanda cha baba yake asimamie, anamtukana kiongozi wa wafanyakazi, wafanyakazi wanagoma, na mwisho analazimika kuomba radhi mbele yao. Somu anaona rafiki yake amedhalilishwa, akaapa kumlipia kisasi. Anaingia kiwandani kwa kujificha kama mfanyakazi wa kawaida, akakusudia kuwavuruga wale watu kutoka ndani. Lakini anapokaa nao, akala chakula chao na kuona wanavyolala, moyo wake unahama. Anatambua kwamba wale aliokuja kuwaangamiza ni watu wa nyumba kama ya mama yake. Hapo baba wa Vicky anaipata nafasi ya kuwatenganisha, na Somu anauawa kwa hila. Vicky, ili kumwadhibu baba yake, anajitwika kosa la mauaji na kwenda jela.

Vijana wa zamani walikuwa na kanuni yao: stelingi hafi. Basi fikiria walivyotoka ukumbini siku hiyo.

Kisa hiki mimi nilikisimulia Magwagwa, na ndipo nilipokielewa.

Magwagwa ni kwa wakwe zangu. Iko Kaskazini mwa Mugirango, katika kaunti ya Nyamira, kwenye vilima vinavyoteremkia mto Sondu, ule ambao bwawa lake limekuwa likitajwa kwa miaka mingi. Kutoka Mombasa ni safari ya usiku kucha na mchana wake: basi mpaka Nairobi, gari jingine mpaka Nyamira, kisha kupitia Ekerenyo kwa gari dogo ambalo watu wanne hukaa mahali pa watatu. Ardhi ni nyekundu, mvua haihesabiwi, na kila upande ni chai, migomba na mahindi. Wenyeji ni Wagusii, na wengi wao ni Waadventista, kwa hiyo Jumamosi soko hunyamaza kama mji wetu unavyonyamaza wakati wa sala ya Ijumaa. Mke wangu alizaliwa huko, akaja pwani akiwa msichana kufanya kazi, akasilimu, kisha tukaoana. Dada yake mkubwa amebaki kijijini, ameolewa na mwalimu ambaye sasa amestaafu. Ni Mwadventista thabiti, na hajapata hata siku moja kuniwekea chakula chenye shaka.

Kwa shemeji huyo pana televisheni inayotumia nguvu za jua. Jioni wanawake hukusanyika kutazama tamthilia ya Kihindi. Mimi sikai ndani. Adabu ya ukwe kwa Wagusii, ambayo huiita chinsoni, ni kali, na mama mkwe akiwapo sebuleni mkwe wa kiume hutafuta pa kwenda. Nami ninayo adabu yangu mwenyewe. Basi hukaa nje na baba mkwe, chini ya dirisha, na tamthilia tunaisikia kwa masikio.

Baba mkwe ni mzee wa maneno machache. Ujanani mwake alifanya kazi Kisumu, katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja. Usiku mmoja muziki ulipokuwa ukilia ndani, aliniambia kwamba mtoto wa yule mwenye duka alikuwa rika lake, nao walikuwa wakipenda sana picha. Walikwenda pamoja, wakaingia mlango mmoja, kisha yule akapanda juu kwenye viti vya ghali na yeye akakaa mbele karibu na pazia, ambako shingo huuma. Picha ikiisha walikutana nje, wakairudia yote njiani kwa Kiswahili na kwa mikono. Nikamwuliza kama walikuwa marafiki. Akafikiri kwa muda, akasema, "Tulikuwa marafiki mpaka mlango wa jikoni."

Msomaji kijana huenda hajui hali ya nchi hii ilivyokuwa. Wakati wa ukoloni mshahara wa reli na wa serikali ulifuata rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama kazi ni moja. Shule zilikuwa mbalimbali, hospitali mbalimbali, mitaa mbalimbali. Kisumu, mahali reli ilipolikuta ziwa mwaka 1901, ilijengwa kwa mpango huo. Uhuru ulipokuja mizani ikageuka upande mwingine. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ikawazuia wasio raia kufanya biashara katika sehemu nyingi na katika bidhaa nyingi, na maelfu ya Wahindi wakaondoka, wengi wakikimbilia Uingereza kabla mlango wa huko nao haujafungwa mwezi Machi 1968. Familia ya yule mwenye duka iliondoka wakati huo. Mtoto wao alimwachia baba mkwe futi ya chuma ya kupimia kitambaa. Bado ipo, nimeiona imetundikwa ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Barua haikuja hata moja. Mzee hamlaumu, wala hasemi kwamba anamkumbuka. Anasema tu kwamba futi ile haijapata kutu.

Nilitaka kumwuliza zaidi, lakini siku zile nyumba ilikuwa na jambo kubwa kuliko mambo ya Kisumu.

Shemeji ana rafiki. Walisoma darasa moja katika shule ya msingi, wakachota maji kisima kimoja, wakaolewa mwaka mmoja. Mmoja alimpata mwalimu mwenye mshahara na shamba la chai; mwingine alimpata mume asiye na chai, ambaye baadaye alifariki akamwachia watoto wanne. Kwa miaka mingi huyu wa pili amekuwa akichuma chai ya huyu wa kwanza. Anafika alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, amefunga karatasi la plastiki kiunoni, kikapu mgongoni, anachuma majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka saa ya kupeleka kituoni kupimwa. Analipwa kwa kilo. Mwenye shamba hulipwa na kiwanda kila mwezi kwa majani aliyopeleka, na mara moja kwa mwaka hupata malipo ya pili ambayo huko wote huyaita bonasi. Bonasi ndiyo inayojenga nyumba, kununua ng'ombe na kulipa karo. Mchumaji hana fungu katika bonasi. Si dhuluma ya mtu mmoja. Ndivyo desturi ilivyo kila kilima, na wengi hawajapata kuiuliza.

Jioni rafiki huyu huja kutazama tamthilia. Mke wangu ndiye aliyeniambia mambo ambayo mwanamume hayaoni: kwamba katika sebule yenye makochi sita yeye hukaa juu ya kigoda kando ya mlango, kwamba hakuna aliyemwambia akae hapo, na kwamba huaga kabla chakula hakijaandaliwa, ili asije akadhaniwa amefuata chakula.

Binti yake wa kwanza alifaulu mtihani wa darasa la nane, akaitwa katika shule ya sekondari ya bweni. Mama akaenda kwa rafiki yake. Shemeji, Mwenyezi Mungu amlipe, hakusita: alinunua sanduku la bati, godoro na sare, akalipa ada ya muhula wa kwanza. Na kwa kuwa ni mwanamke wa furaha, asiyeweza kuficha jambo jema, alilieleza katika kikundi cha akina mama wa kanisa, rafiki yake akiwa amekaa palepale. Wakampigia makofi.

Miezi mitatu baadaye majani yalikuwa mengi na wachumaji walitafutwa. Mwenye shamba mmoja upande wa pili wa bonde akatangaza shilingi moja zaidi kwa kilo. Rafiki akahamisha kikapu chake huko. Shemeji alipoamka, chai yake ilikuwa imekomaa na hapana mtu. Alilia, kisha akakasirika. Sisi tulipofika mwezi wa Agosti, kigoda kilikuwa kitupu kwa wiki kumi na mbili, na shemeji alituambia kabla hatujaweka mizigo: "Shemeji, mtu amekula kwangu, mtoto wake amesoma kwangu, na siku ya kunifaa ameniacha."

Nilisikia *Namak Haraam* nzima katika maneno yale. Na jioni, tulipokuwa nje na baba mkwe, shemeji akaja kuniuliza dini yetu inasema nini juu ya mtu asiye na shukrani, nami nikamjibu kwa kumsimulia filamu ile. Nilimsimulia yote, mpaka mauti ya Somu na jela ya Vicky. Alimhurumia Vicky sana. Alisema huyo ndiye rafiki, aliyeacha mali ya baba yake akaenda jela kwa ajili ya mwenziwe.

Siku mbili baadaye mke wangu alikwenda kumtembelea yule rafiki, akamkuta anapukusa mahindi, na katika kuzungumza akamsimulia kisa kilekile. Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na huyu aliyekufa, mama yake alipewa nini?"

Nimesoma na kusikia maneno mengi juu ya filamu za Kihindi, na sijasikia swali lenye uzito kuliko hilo. Kwa hakika mtunzi ametupangia machozi yetu kwa uangalifu. Tunamlilia Somu, kisha tunamlilia Vicky aliyefiwa na Somu, na kilio cha pili kinafunika cha kwanza. Maskini anapokufa, urafiki unakuwa umekamilika na hautadai kitu tena. Kiwanda kinabaki. Filamu nyingi za jamii hii humaliza hesabu ya tajiri na maskini kwa namna hiyo: huyu wa chini hufa akiwa mikononi mwa huyu wa juu, muziki ukapanda, nasi tukatoka ukumbini tukiwa tumeridhika kwamba mapenzi yameshinda. Mama mjane na msichana asiyeolewa wamebaki nyumbani, na hakuna kamera inayorudi kuwatazama.

*Dosti* ni bora katika hili, na ndiyo maana naipenda zaidi ingawa haina nyota wakubwa. Wavulana wawili, Ramu kilema na Mohan kipofu, wanakutana barabarani, wote hawana kitu. Ramu anataka kusoma. Mohan anaimba njiani watu watupe senti, ili mwenziwe apate ada. Wanamwendea kaka wa msichana tajiri aliyekuwa akiwapenda, wakiomba pesa za shule, naye anawapa kidogo, kama anayempa ombaomba ili aondoke. Kisha Ramu anachukuliwa na mwalimu mwema, apate makazi na masomo, kwa sharti kwamba asionane tena na yule mwimbaji wa barabarani. Na dada wa Mohan, ambaye ni muuguzi, anamwona kaka yake njiani na kujifanya hamjui. Mwaka ule filamu hii ilipata tuzo ya Filmfare ya filamu bora. Ninayoikumbuka mimi ni aibu ya kuomba ada. Mtungaji aliijua aibu hiyo ilivyo. Alijua kwamba mkono unaotoa unaweza kuumiza kama mkono unaonyima, na kwamba msaada mwingi huja na sharti lililofichwa: acha ulikotoka.

Nasi katika Qur'ani tunayo sura nzima ambayo sababu ya kushuka kwake ni kipofu aliyekuja kuuliza wakati wakubwa wa Makka walipokuwa wakizungumzishwa. Kila mtoto wa madrasa anaihifadhi. Ni wachache wanaofundishwa kuitazama sebule yao kwa sura hiyo.

Nirudi Magwagwa. Mke wangu alimwuliza yule rafiki kwa nini alikwenda ng'ambo ya bonde. Alisema shilingi moja kwa kilo, kwa siku, kwa mwezi, ndiyo ada ya muhula wa pili, na hakutaka kwenda kuomba tena. Kisha akasema: "Aliponilipia nilimshukuru, na nitamshukuru mpaka kaburini. Lakini tangu siku ile hapimi majani yangu, anapima shukrani yangu. Nikichelewa, nimekosa shukrani. Nikiumwa, nimekosa shukrani. Nilikwenda mahali ambapo mizani ni mizani."

Mke wangu aliporudi na maneno hayo hakuyafikisha kama yalivyo, ana busara. Alimwuliza dada yake swali jepesi tu. "Dada, zile pesa ulitoa au ulikopesha?"

Shemeji alikasirika. Alisema baina ya marafiki hapaulizwi hivyo. Mimi nilikuwa nimenyamaza, lakini hapo nikaombwa kusema, na nilisema kile ambacho fikihi imenifundisha, nikiwa najua kwamba ninayemwambia si wa madhehebu yangu. Kwetu kila mkataba una mlango wake. Hiba ni hiba: ukiisha kuitoa imetoka, na ukiifuatilia kwa masimbulizi umeiharibu wewe mwenyewe thawabu yake. Karadha ni karadha: hurudi kama ilivyotoka, na wanazuoni wameonya vikali juu ya mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa, hata kama manufaa hayo ni kazi ya mikono au kuamkiwa kwa unyenyekevu zaidi. Na ujira ni ujira: hulipwa kwa kazi iliyofanywa, upesi, kwa kiasi kilichopatanwa, na mfanyakazi akiupata huwa hana deni la fadhila. Mtu anaweza kuwa na mwenziwe kwa milango yote mitatu. Balaa huanza pale anapoingia kwa mmoja na kutoka kwa mwingine, akatoa kama hiba, akadai kama karadha, akajilipa kwa kupunguza ujira.

Nilimsimulia pia habari za Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunganisha udugu wahajiri na wenyeji, na Abdurrahman bin Auf, aliyetoka Makka hana kitu, akaunganishwa na Saad bin Rabii, aliyekuwa na mali nyingi. Saad akamwambia atamgawia nusu ya mali yake. Ni toleo kubwa kuliko la tajiri yeyote wa filamu, na lilitoka katika moyo safi. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akamwuliza soko liko wapi. Akaenda, akauza jibini kavu na samli, na haikupita muda mrefu akawa na chake, akaoa. Wahubiri tunapenda kumsifu Saad, na anastahili. Mimi siku hizi namfikiria zaidi yule aliyeuliza njia ya soko, na namna Saad alivyompokea: riwaya hazitaji kwamba alinuna.

Shemeji hakunijibu. Aliingia ndani akawasha televisheni kwa sauti kubwa. Ni baba mkwe aliyesema, akiwa bado anatazama giza la bondeni: "Huyo wa soko, huyo alikuwa na akili." Hakusema zaidi usiku ule.

Tulipoondoka mambo yalikuwa bado. Lakini wanawake wana njia zao, na simu ya mke wangu haikupumzika mwezi mzima. Nilichokuja kujua ni kwamba rafiki mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alikwenda kwa shemeji Jumapili moja asubuhi, akakaa, safari hii juu ya kochi, akasema anataka zile pesa ziitwe deni. Sanduku na godoro akubali kuwa zawadi kwa mtoto; ada iwe deni, iandikwe. Shemeji akalia tena. Alisema amefanywa kama benki. Mwalimu mstaafu, ambaye muda wote hakuwa ametia neno, akaleta daftari la kurasa mia, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaandika kiasi na tarehe, wakatia sahihi wote wawili. Na neno la kula chumvi likatajwa hapo, maana mke wangu alikuwa amelieneza kwa simu: shemeji alisema kwa Wahindi mtu akila chumvi yako amefungwa, na mwenziwe akamjibu kwamba yeye amesikia kwa Waswahili kula chumvi ni kuzeeka tu, na wao wawili wameizeekea pamoja. Nimeambiwa walicheka. Sikuwapo.

Nimewaomba ruhusa wote wawili kuandika haya, na wameniruhusu, mradi nisiwataje majina.

Wasomaji wetu wa kike wa pwani, wengi mna mtu nyumbani au jirani ambaye amesimama nanyi kwa namna hii: yule mnayemwita dada na kumlipa mwisho wa mwezi, mnayetazama naye tamthilia usiku, mkamwachia watoto. Wengine wao wametoka vilima hivyohivyo ninavyovieleza. Mkikaa leo kuangalia marafiki wawili wa kwenye kioo wakikumbatiana, angalieni pia nani yuko kwenye kochi na nani yuko kwenye mkeka, na kama mshahara wa mwezi uliopita umekwisha kutoka. Hilo si suala la filamu.

Mwezi wa Desemba tulikwenda tena. Bonasi ilikuwa imelipwa Oktoba na shemeji amebadilisha mabati ya jikoni. Binti alikuwa amerudi likizo, amerefuka, ameshika namba nzuri darasani. Daftari lilikuwa na mistari saba ya malipo, yote kwa mwandiko wa mwalimu, na lililobaki halifiki nusu. Rafiki anachuma siku tatu ng'ambo ya bonde na siku tatu kwa shemeji, na jioni anakuja. Nilimsikia kupitia dirishani akimpinga mtu kwa sauti kuhusu mke mwenza wa tamthilia, na safari hii alikula kabla ya kuaga. Shemeji bado hajaongeza ile shilingi kwa kilo. Anasema ataifikiria majani yakichanua.